Deni Lililokuwa Limelala

Northgate Fenn, Urejeshaji wa Madeni
Buffalo, New York
9 Septemba 2014

Kwa Bi Orveta Battiest, Idabel, Oklahoma

Kuhusu: Mkopo wako wa haraka

Kampuni hii imenunua deni lako kutoka duka la mikopo ulikokopa mwaka 2009. Tumekupigia simu mara nyingi. Kila mara simu hupokewa, mtu husema "Nani? Nani?" kisha hukata. Kitendo hicho tunakichukulia kuwa ni kukwepa. Pamoja na riba na ada, unadaiwa dola elfu moja mia nane na arobaini. Usipowasiliana nasi upesi, faili lako litapelekwa kwa hatua zaidi katika kaunti yako, na hapo hatutakuwa na uwezo wa kukusaidia.

Daniel Marsh
Ofisa Mwandamizi

---

Idabel, 15 Septemba 2014

Bwana Marsh,

Samahani kwa habari ya simu. Sikukwepa. Nilisimama miaka ishirini na kitu kando ya mashine za kiwanda cha kuku, na zile mashine ziliondoka na masikio yangu. Kwenye simu nasikia kama nyuki ndani ya kopo. Huyo anayesema "Nani? Nani?" ni mimi. Tafadhali niandikie, kusoma bado naweza.

Deni ni langu, sikatai. Mume wangu Wilburn alikuwa akisafishwa damu kule Texarkana, na giaboksi ya gari ikafa. Nikaenda lile duka la mikopo karibu na kituo cha mafuta. Wakanipa dola mia tatu hapo hapo, wanacheka nami, na peremende juu. Nikawa nalipa, nalipa, kumbe nalipa riba tu. Kisha Wilburn akafariki mwezi wa Juni mwaka ule ule na mimi nikaacha hata kufungua barua. Siku niliyokwenda nilimalize, nikakuta duka halipo, pale pale wanauza simu. Nikadhani mambo yale yamezikwa pamoja naye.

Hizo hatua zaidi katika kaunti ni jela? Niambie wazi wazi. Mimi ni mtu wa kanisani, nina miaka sabini na moja, naogopa kuchukuliwa mbele ya watu.

Lavonne, binti wa marehemu dada yangu, anasema nisijibu watu nisiowajua. Lakini wewe umeandika jina lako, na mimi nilifundishwa kwamba mtu akikuita kwa jina umwitikie. Zabibu mwitu zimeiva huku, kesho nachemsha madonge ya unga ndani ya maji yake. Kwenu baridi imeanza? Mama yako yupo?

Orveta Battiest

---

Northgate Fenn, Urejeshaji wa Madeni
Buffalo, New York
24 Septemba 2014

Bi Battiest,

Tumepokea barua yako ambayo ndani yake unakiri deni. Hatuko katika nafasi ya kusema mamlaka za kaunti yako zitachukua hatua gani. Tunachoweza kusema ni kwamba mteja anayeonyesha nia njema hutazamwa kwa jicho lingine. Malipo madogo, hata dola ishirini, yatatosha kuonyesha nia hiyo.

Tahadhari: wapo matapeli wanaowaandikia wateja wetu na kuwaambia wasilipe. Ukipata barua ya namna hiyo, usiijibu. Itume kwetu mara moja.

Daniel Marsh
Ofisa Mwandamizi

(Chini, kwa kalamu:) Mama yupo. Kifua kinamsumbua, lakini yupo. D.M.

---

Idabel, 30 Septemba 2014

Bwana Marsh,

Asante kwa kuniambia habari za mama yako. Jumapili nilimtaja kanisani, kwa hiyo sasa anaombewa na watu asiowajua, tena wengine kwa Kichoktaw, lugha ya watu wetu. Mwambie asilale na dirisha wazi hata akijidai anasikia joto. Sisi wazee wabishi.

Dola ishirini nitazituma wiki ijayo nikipokea malipo yangu. Huwa napika siku tatu kwa wiki kwenye kituo cha wazee. Nawapikia wazee wenzangu, wengine wadogo kuliko mimi, nao wananilalamikia chumvi.

Swali langu la jela hukulijibu. Nimeelewa kwamba kazi yako haikuruhusu. Basi nimeweka mfuko karibu na mlango, nguo za kubadilisha, dawa zangu za presha na Biblia, ili askari wakija nisiwacheleweshe. Nimemwambia jirani awalishe kuku. Sikumwambia kwa nini.

Orveta Battiest

---

Buffalo, 5 Oktoba 2014

Bi Battiest,

Fungua huo mfuko na uzirudishe nguo kabatini. Hakuna askari anayekuja. Nchi hii haifungi mtu jela kwa sababu alikopa akashindwa kulipa. Niliposoma habari ya mfuko nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari mpaka bosi akaja kuniuliza kama naumwa.

Daniel Marsh hayupo. Ni jina tu. Anayekaa kiti kile anapewa jina lile. Kabla yangu alikuwa Daniel Marsh mwingine, akaacha kazi. Mimi naitwa Leonard Pruchnik.

Sikiliza vizuri. Kwa sheria ya jimbo lako, mkopo kama ule ukikaa miaka mitano bila malipo, anayekudai akikushtaki unamwambia hakimu kwamba muda umepita, na kesi inafia hapo. Wewe mara ya mwisho ulilipa kabla mzee wako hajafariki. Miaka mitano imekwisha juzi tu. Ndiyo maana wanakuomba ishirini. Ukilipa hata dola moja miaka inaanza kuhesabiwa upya, na wanaweza kukupeleka mahakamani kama vile ulikopa jana. Deni limelala. Wanataka uliamshe kwa mkono wako mwenyewe.

Usitume kitu. Usiandike tena ofisini. Kama una swali, andika nyumbani kwangu, anwani iko nyuma ya bahasha. Na barua hii ichome.

Leonard Pruchnik

---

Idabel, 11 Oktoba 2014

Bwana Marsh,

Yametokea yale yale uliyonionya! Kuna mtu anajifanya wewe. Ameniandikia kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, bila muhuri wala chapa ya kampuni, anasema wewe hupo duniani, nisilipe, niichome barua yake, tena nimwandikie nyumbani kwake kwa siri. Lavonne aliposoma hapo pa siri akasema, "Mama mdogo, huyu ni mwizi, mpaka harufu yake naisikia." Kilichonitisha zaidi, anajua habari za mfuko wangu. Maana yake anafungua barua ninazokuandikia. Angalia sana hapo ofisini kwenu, kuna mtu si mwema.

Kama mlivyosema, siijibu. Naituma yote, pamoja na bahasha yenye anwani yake, ili mumkamate asije akawadanganya wengine. Na hundi ya posta ya dola ishirini imo humu ndani.

Mama yako anaendeleaje?

Orveta Battiest

---

Northgate Fenn, Urejeshaji wa Madeni
Buffalo, New York
20 Oktoba 2014

Bi Battiest,

Tunakushukuru kwa uaminifu wako. Suala uliloripoti limeshughulikiwa. Bwana Marsh hayuko tena katika faili lako. Mawasiliano yote sasa yaje kwangu.

Malipo yako ya dola ishirini yamepokewa na kuandikwa. Kwa urahisi wako, jaza fomu iliyoambatanishwa kwa namba ya akaunti yako ya benki, ili malipo yajayo yakatwe yenyewe na usihangaike kwenda posta.

Patricia Garrity
Msimamizi

---

Buffalo, 18 Januari 2015

Bi Battiest,

Nilijiambia sitakuandikia tena, na miezi yote hii nimejitahidi.

Bi Garrity aliniita, barua yangu iko mezani kwake, na yako juu yake. Akanisomea yako kwa sauti mbele ya wenzangu, mpaka hapo pa "mumkamate." Wakacheka. Nikapewa boksi la kuwekea vitu vyangu. Sikulaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika ile tahadhari ya matapeli na kuweka jina la Marsh chini yake. Wewe ulifanya nilichokufundisha.

Sasa napakua mikate usiku kwenye kiwanda. Mama hatoki tena kitandani.

Ninaloomba ni moja. Chukua ile barua ya Septemba iliyopigwa chapa, tazama maneno ya kalamu chini, yale yanayosema mama yupo. Kisha yaweke karibu na barua hii. Mwite na Lavonne atazame, kwa kuwa yeye ana macho makali. Mwandiko ni mmoja.

Kama hukujaza ile fomu ya benki, usiijaze.

Leonard Pruchnik

---

Idabel, 2 Februari 2015

Mwanangu Leonard,

Nimeziweka pamoja. Lavonne naye alizitazama, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, akazitazama tena. Ile "m" yako yenye mguu mrefu iko kote.

Sijui niseme nini. Nimekupokonya kazi. Mtu amekuja kunitoa shimoni, nikamshika mkono nikamkabidhi kwa waliochimba. Nimekuwa nikitembea humu ndani nasema peke yangu, kuku wananiangalia.

Fomu nilijaza, siku ile ile ilipofika. Wakakata Novemba, wakakata Desemba mara mbili, hundi yangu ya umeme ikarudi na benki nayo ikanitoza faini. Lavonne akaenda benki kuifunga ile njia ya kukata. Basi wiki iliyopita akaja askari wa kaunti. Unamjua ni nani? Tobias, niliyemfundisha shule ya Jumapili. Akavua kofia, akasema, "Shangazi, samahani, hii ni karatasi tu, si kukuchukua." Mimi nikawa tayari nimeshika koti.

Ni wito wa mahakama, tarehe kumi na moja Machi. Wana wakili kutoka Oklahoma City. Wanataka yote, na gharama zao juu yake. Lavonne anasema pengine ni afadhali nisiende, nisije nikaaibika kwa kutosikia. Wewe unasemaje? Safari hii nitakufuata.

Orveta

---

Buffalo, 9 Februari 2015

Mama Orveta,

Nenda. Wanakushtaki kwa sababu wanategemea kwamba hutatokea. Watu wengi hawatokei, hakimu anapiga muhuri, basi.

Ile habari ya miaka mitano sasa ni ngumu, kwa sababu ya dola ishirini. Lakini kuna lingine. Kampuni haikununua karatasi yako ya mkopo. Ilinunua orodha ya majina kwenye kompyuta, maelfu ya majina. Karatasi uliyoitia saini mwaka 2009 hawana, na bila hiyo hawawezi kuonyesha kwamba deni ni lao. Kwa hiyo simama mbele ya hakimu useme neno moja tu: "Naomba wanionyeshe karatasi niliyotia saini." Wakisema mengi, rudia hilo hilo. Usikubali deni, usiombe msamaha. Wewe una tabia ya kuomba msamaha.

Nimeandika ushahidi wangu kuhusu jinsi tulivyokutisha, nimekwenda kuapa mbele ya mwanasheria, umo ndani ya bahasha hii. Mpe hakimu. Na Lavonne akae kando yako awe masikio yako.

Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi kumwacha mama.

Leonard

---

Idabel, 13 Machi 2015

Mwanangu Leonard,

Yamekwisha! Nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua, baada ya kuku.

Nilivaa lile gauni la buluu la mazishi ya Wilburn, kwa kuwa ndilo zuri. Lavonne hakupewa ruhusa kazini, akanishusha mlangoni akasema atarudi mchana. Usimkasirikie, ana bosi kama alivyokuwa wako. Nikakaa kwenye benchi la korido na watu wengine, ushahidi wako mkobani, nikirudia lile neno moyoni.

Akaja kijana mmoja wa suti, msafi, ananukia sabuni. Akainama mpaka usawa wa uso wangu. "Mama Battiest? Ndiyo wewe? Usisimame, mama, kaa tu." Nikamwambia nimekuja kwa hakimu. Akasema mengi, sikuyapata yote, korido ile ina mwangwi na kulikuwa na mtoto analia. Nikapata, "Unataka tulimalize leo leo, urudi zako nyumbani?" Nikasema ndiyo, ningependa sana. Akatoa karatasi.

Sikusahau, Leonard. Nilimwambia kabisa, kwa sauti, mpaka watu wakageuka: "Naomba unionyeshe karatasi niliyotia saini!" Akatabasamu, akaniwekea kidole chini, akasema, "Ndiyo, mama, hapa, hapa hapa." Basi nikatia saini kwamba nimekuja. Akaniambia sina haja hata ya kumwona hakimu. Ushahidi wako sikuhitaji kuutoa, utakufaa siku nyingine.

Akanishika mkono akanipeleka mpaka mlangoni, huku ananiuliza kama kuna ngazi nyumbani kwangu. Hawafanani wote, nakwambia.

Jumamosi kanisani ni karamu ya vitunguu mwitu, vimechipuka vizuri mwaka huu, nimechuma ndoo nzima kando ya kijito. Nitakula sahani mbili na kulala mchana kama paka. Nimekuwekea nakala ya ile karatasi, Lavonne hajaiona bado, ameenda Durant kwa mwanawe. Niambie tu jambo moja: malipo ya jikoni yanaingia benki mwisho wa mwezi. Sasa yako salama, sivyo? Mama anaendeleaje?

Orveta

---

Buffalo, 2 Aprili 2015

Mama Orveta,

Barua yako imenifikia jana. Nimehama nyumba ya mama na posta ilichelewa kunifuatia.

Umeniuliza swali moja, nianze na hilo. Hapana, hayako salama. Kama hujachelewa, toa benki kila kilichomo leo, na uwaombe wa kituo cha wazee wakulipe mkononi.

Nimeisoma karatasi mara nyingi nikitafuta namna nyingine ya kuisoma. Haisemi kwamba umekuja. Inasema unakubali deni lote, na gharama za wakili, na kwamba unawaruhusu kuchukua kwenye akaunti na kwenye malipo yako mpaka liishe, na kwamba umeacha haki yako ya kumwona hakimu. Yule kijana ndiye wakili wao.

Pengine ofisi ya msaada wa sheria ya watu wako, Wachoktaw, inaweza kumwomba hakimu aifute, kwa kuwa hukusikia. Nenda na Lavonne. Sitakudanganya: nilipokuwa kule, karatasi kama hizi sikuona hata moja ikifutwa.

Nilikaa siku nzima nikifikiria kukuandikia kwamba umeshinda.

Leonard

---

Idabel, 10 Aprili 2015

Mwanangu Leonard,

Nimefurahi kwamba hukuniandikia hivyo.

Umechelewa, lakini si kosa lako. Siku ya malipo nilikwenda dukani kununua dawa za presha na mashine ikakataa kadi. Yule binti wa kaunta akaijaribu tena na tena, akiipangusa kwenye shati lake, kwa wema tu, foleni ikarefuka. Benki wakaniambia ile kampuni imechukua. Watachukua tena. Lavonne amelia, ameipiga meza kwa viganja, amempigia simu kila mtu anayemjua na wengine asiowajua. Kwenye msaada wa sheria walisema watajaribu, kwa sauti ile ambayo daktari wa Wilburn alikuwa akiitumia mwishoni. Hata mimi nisiyesikia niliisikia.

Nitahamia kwa Lavonne mwisho wa mwezi. Kuku amewachukua jirani. Safari hii nilimwambia kwa nini.

Umesema umehama nyumba ya mama yako. Hukusema zaidi, nami nimeelewa. Jumatano nilimtaja tena, kwa namna ile nyingine tunayowataja waliotangulia. Hukuniambia jina lake, nikasema mama yake Leonard. Wewe kula. Wanaopakua mikate huwa hawali.

Wachukue hizo pesa, sikuwahi kuwa nazo nyingi na najua kuishi bila. Ila kuna jambo linaniamsha usiku, sikuliandika katika ile barua ya furaha kwa sababu niliona ni dogo. Pale mlangoni mwa mahakama, kabla sijashuka ngazi, nilimshika yule kijana kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia mama yake alimlea vizuri.

Orveta